Jasinto Nambunga, Aliyeliliwa Matanga Akiwa Hai

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 1975, Ndugu Jasinto Nambunga anakabidhi funguo za stoo ya kamba na kulabu hapa Bandari ya Mtwara, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mmoja. Alianza mwaka 1954, gati likiwa bado jipya. Alikuwa kuli, akawa mnyapara wa Genge la Tatu, akamalizia kuwa mtunza stoo. Wenzake wa genge walimtaka mpishi wa kantini aandike maneno haya, kwa hoja kwamba anayempikia mtu ndiye amjuaye. Nimekubali, Mungu anisaidie. Ila niwaambie mapema kwamba nimeandika huku nikiinuka na kukaa, maana bwana huyu hajawahi kutupa utulivu, na hata leo anapotuaga hajatupa.

Ndugu Jasinto alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande uliokuwa wa Mreno. Hata ndevu hazijamwota sawasawa aliwafuata vijana wenzake kusini, kwa Makaburu, kwenye machimbo ya dhahabu, akakaa huko chini ya ardhi miaka mingi akitoboa mwamba kwa mashine. Vumbi la mwamba ule, anasema, lilikuwa jeupe na laini kama unga wa muhogo; mkitoka zamu, huwezi kumjua nani ni nani mpaka atabasamu. Alirudi na sanduku la bati, viatu vya ngozi na kikohozi kidogo cha asubuhi. Sanduku na viatu vilisifiwa na kila mtu. Kikohozi hakuna aliyekiuliza.

Akamwoa Mama Isabel, wakajenga Ziwani, wakapanda mikorosho na mihogo, wakampata binti yao Esperanca. Kila alfajiri alipanda baiskeli mpaka bandarini. Na hapa bandarini, ndugu zangu, alikuwa na sauti! Wanyapara wengine walitumia filimbi; yeye alitumia koo. Genge la Tatu liliinua akisema na kutua akisema, na winchi yenyewe ilionekana kumtii. Siku moja msaidizi wa nahodha wa meli ya Kigiriki alishuka ngazi kuja kumtazama mwenye sauti ile. Akakuta mtu mfupi, mwembamba, anapuliza uji. Hakuamini. Ikabidi Jasinto aweke kikombe chini apige ukelele mmoja, na makuli wa gati zima wakainua vitu ambavyo havikuwa vya kuinuliwa.

Mwaka 1966 alipatikana na kifua kikuu. Alilazwa wodini, akachomwa sindano, akameza vidonge muda mrefu kuliko subira ya watu wengi, na akapona. Hospitali ikapima makohozi, ikasema hayana kitu, mtu huyu ale na wenzake. Lakini aliporudi kantini alikuta kikombe chake cha bati kimepakwa rangi nyekundu kwenye mkono wake wa kushikia, ili kisichanganywe na vya wengine. Aliyepaka hakujitaja. Ni kwamba Jasinto alikuwa bado anakohoa, na watu waliyaamini masikio yao kuliko hospitali.

Hapo ndipo aingiapo Mathayo Tawete, mwendesha winchi, Mngoni wa Songea. Msomaji asiye wa huku ajue kwamba Wangoni na Wamakonde ni watani, na mtani akikutendea jambo, kukasirika ni aibu yako wewe. Mathayo alikichukua kile kikombe chekundu, akanywa uji wote uliokuwamo, akajifuta mdomo mbele ya genge zima.

"Mmakonde huyu mchoyo," akasema. "Amejipakia rangi ili asigawane uji na watu."

Kesho yake vikombe vyote vya kantini vilikuwa na rangi nyekundu. Nilivisugua kwa mchanga wiki nzima na ile rangi ikabaki. Ikawa basi.

Ikawa basi kwetu sisi, lakini kwake haikwisha. Kile kikombe kilimwingia. Akaapa moyoni kwamba wodi ile harudi tena, na neno "kifua" lisitajwe mbele yake. Kuanzia mwaka 1969 mwili ukaanza kumdai, naye kila dai akalitafutia jina jingine. Kwenye kilima cha Mikindani alishuka akasukuma baiskeli, na ukimwuliza, tairi limetoboka. Tairi la Jasinto lilitoboka kila siku mahali palepale! Miguu ikavimba hata viatu vya ngozi vikamkataa. Akaenda kwa mama mmoja Mikindani, akakandwa kwa majani ya moto. Akila chakula changu kiungulia kinampanda mpaka kooni, basi akawa anatembea na kipande cha magadi mfukoni, anamumunya kama peremende. Usiku alilala ameketi kitini, akidai analinda korosho. Moyo ukamdunda ovyo, mtu akamwambia amekaliwa na jini, na yeye Mkristo wa ubatizo akaenda kufukizwa ubani.

Na lile lililotuuma zaidi: sauti ikakatika. Alianza kumwachia Domingo, msaidizi wake, aite badala yake. Kicheko kikampotea. Alikuwa akikaa peke yake juu ya magunia, ukimsalimu anakuitikia kama mtu uliyemwamsha. Mimi nilidhani amenuna kwa sababu ya chakula, nikamwongezea ng'onda, samaki wa kukausha, kwenye ugali, tena ng'onda wa chumvi kweli kweli. Ukimshauri aende hospitali, jibu lake lilikuwa moja.

"Miguu ni miguu, tumbo ni tumbo. Kifua changu kilishapona."

Kila ugonjwa akaupa mganga wake, na waganga wale hawakuwahi kuonana.

Msimu wa korosho wa mwaka 1970, shedi zikiwa zimejaa magunia na vumbi lake likiwa halionyeshi mlango, Mama Isabel alikuja kantini. Hakutaka chai. Alimwita Mathayo pembeni, nami nilikuwa palepale nikichambua mchele.

"Shemeji, nikimbonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki," akasema. "Na jana alishindwa kumaliza Baba Yetu. Alifika katikati akakaa kimya anatafuta pumzi. Mume wangu anakwenda, nami namwangalia tu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, Padre amemwambia, Esperanca amemlilia. Anasema akirudishwa wodini hatatoka."

Mathayo akakuna kichwa. "Basi niachie mimi. Jumapili usipike."

Jumapili baada ya misa, Mathayo alifika Ziwani na mkeka kwapani. Hakupiga hodi. Aliutandika uwanjani mbele ya nyumba, akavua viatu, akaketi, akaangua kilio.

"Uwii, mtani wangu! Uwii, Nambunga! Umeniacha na nani? Nani nitamwita mla panya?"

Jasinto alikuwa ndani, kitini. Haya ameyasimulia Bi Fatuma, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, naye hapunguzi neno.

"Wewe Mathayo! Nyamaza, watu watasikia!"

"Maiti hasemi. Lala."

"Sijafa mimi!"

"Wote husema hivyo. Uwii, mtani wangu, hata kufa hajui kama amekufa!"

Mathayo alikusudia kumtia aibu kidogo tu, wacheke, ampeleke hospitali. Hakujua Ziwani. Kule kilio kikisikika, hakuna anayeuliza mara mbili. Waliokuwa mashambani walidondosha majembe, kisha wakayaokota tena, maana kaburi litachimbwa kwa kitu gani? Wanawake walikuja na kuni vichwani, na mihogo, na mitungi ya maji. Habari ikateremka Mikindani na wauza mihogo, ikatufikia Mtwara, na Juma dereva akatupakia genge zima kwenye lori la bandari. Njiani tulilia. Mimi nilisoma Yasini mpaka sauti ikanikauka, nikamwombea kwa Mola amsamehe mja wake hata kama hakuwa wa dini yangu.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume wanagombana kaburi lielekee wapi, wanawake wameshawasha moto. Na marehemu, ndiyo kwanza amejikokota kutoka kitini, amesimama mlangoni, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Bi Fatuma, aliyesikia yote ukutani, ndiye aliyethubutu kuuliza ili watu wasikie.

"Baba Esperanca, umefufuka au hujafa?"

"Sijafa, dada. Ni... ni huyu..." Akanyoosha kidole kwa Mathayo, akataka kuendelea, na pumzi ikamwishia. Kifua kinapanda na kushuka, shingo imekakamaa, na sisi wote tunamtazama, watu mia au zaidi, tunangoja neno la pili. Halikuja.

"Basi," akasema Bi Fatuma polepole. "Hujafa bado."

Shehe Rashidi, mwalimu wa madrasa, alikuwa amefura kwa hasira. "Bwana Mathayo, kifo hakichezewi!"

"Najua, shehe," akajibu Mathayo. "Ndiyo maana nimekuja mapema."

Sasa kulikuwa na shida nyingine. Kwa watu wa Ziwani kuni zilizopelekwa msibani hazirudishwi nyumbani; wanasema msiba utazifuata. Wanawake walisimama na kuni zao, hawajui wazitue wapi. Wengine wakaanza kumtazama Jasinto kwa lawama, kana kwamba ameharibu shughuli. Mathayo akapanda juu ya tairi la lori.

"Kuni zipikie mihogo, watu wale. Na lori hili limekuja kuchukua mtu, haliwezi kurudi bila mtu, ni mkosi kwa bandari nzima. Mmakonde, utapanda kwa miguu au tukubebe tulivyokuja kukubeba?"

Jasinto akacheka. Wallahi alicheka, na hatukuwa tumekisikia kicheko kile tangu mwaka uliopita. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika mpaka midomo ikawa rangi ya zambarau. Mama Isabel akapita katikati ya watu na mto wa kulalia, akauweka kwenye kiti cha mbele cha lori. Hakupaza sauti.

"Nenda, baba Esperanca. Watu hawa wamekwisha kunipa pole. Usinifanye niipokee tena."

Akapanda.

Hospitalini muuguzi aliona lori la watu waliofunga kanga za msiba, akauliza maiti yuko wapi. "Ni huyo aliyeshika muhogo," akajibu Juma. Muuguzi hakuona cha kuchekesha. Alimketisha, akamsikiliza mgongo, akaita daktari.

Walimpiga picha ya kifua, wakampima makohozi, mkojo na damu, wakamlaza. Siku chache baadaye daktari alituita kando ya kitanda chake, mkewe, Mathayo na mimi, kwa sababu alitaka kujua anakula nini. Aliinua ile picha dirishani. Alisema vumbi la mwamba alilolivuta ujanani halikutoka, lilibaki mapafuni, na mapafu yakajaa makovu. Kovu la pafu ni gumu, halinyumbuliki, hewa haipiti ipasavyo. Na kovu halifutiki.

Mama Isabel akashika kanga yake. Daktari akasema subiri, sijamaliza.

Mapafu yenye vumbi la namna ile, akasema, hukaribisha kifua kikuu kwa urahisi. Ndicho kilichompata mwaka 1966, kikatibiwa, na sasa amepimwa tena hakimo. Anachokohoa leo hakimwambukizi mtu. Moyo nao unasukuma damu ipite kwenye mapafu yaliyokakamaa, unachoka, damu inasita, maji yanashuka miguuni: ndiyo ule uvimbe, ndiyo yale mapigo. Kiungulia mara nyingi huandamana na vifua vya aina hii. Kukohoa kunapandisha maji machungu ya tumboni, nayo yakifika kooni yanachokoza kikohozi upya, hivyo viwili vinakimbizana. Asiyelala huishiwa nguvu. Na mtu asiyelala, asiyepumua, anayejificha na watu, roho yake nayo huugua. Ule unyonge nao ni ugonjwa, hajawanunia.

"Kwa hiyo siyo jini?" akauliza Mama Isabel.

"Siyo jini, mama."

Mathayo alikuwa ameinamisha kichwa. Akamgeukia Jasinto kitandani. "Kumbe ulikuwa na genge zima humo ndani, mtani, na kovu ndiye mnyapara."

Daktari akacheka, akasema ndivyo hasa. Mnyapara huyo hatuwezi kumfukuza kazi. Makuli wake tunaweza kuwabana mmoja mmoja, na wakibanwa, mtu anaishi.

Basi wakabanwa. Vidonge vya kutoa maji na vya kutuliza moyo. Kulala ameinuliwa kwa mito. Kula kidogo kidogo, na asilale akishakula. Sigara, hapana. Moshi wa jikoni, kaa mbali. Chumvi, hapana, na daktari alinitazama mimi aliposema ng'onda. Tangu siku ile sufuria ya Jasinto ilipikwa peke yake, na akilalamika kwamba mboga haina ladha nilimwambia ladha ameshaila yote. Na vumbi la shedi, marufuku kabisa. Wakubwa wa bandari walikubali kumhamishia stoo ya kamba na kulabu, penye madirisha mawili na upepo wa bahari.

Mngedhani atatulia. Jasinto atulie! Alikagua kamba moja moja, akazirudisha zilizochakaa hata kama genge linamngoja na meli inapiga honi. Akaanzisha vita na mafagio ya shedi: hakuna kufagia kabla ya kunyunyiza maji. Alisimama mlangoni akizuia watu kwa fimbo, na kwa sababu hana pumzi ya kugomba, alikuwa akikutazama tu mpaka ukachote ndoo. Leo shedi zote tatu zinanyunyizwa, na vijana walioajiriwa juzi wanadhani ni desturi iliyokuja na gati.

Kisha akaanza kuwatafuta waliowahi kufika machimboni. Akisikia kuli amepitia kwa Makaburu, hampi kulabu mpaka amwambie anavyolala, anavyopanda kilima, miguu ikoje jioni. Domingo alimkwepa sana. "Mimi ni mzima, kaka, nakohoa tu." Jasinto akamshika mkono akampeleka mwenyewe, wakipumzika kila penye kivuli, wazee wawili waliopishana kidogo tu umri. Domingo alikutwa na kifua kikuu kikiwa kichanga. Ametibiwa, yuko kazini, na ndiye anayeita Genge la Tatu leo. Domingo alipokuwa amelazwa, Jasinto alikwenda kunywa chai katika kikombe cha mwenzake, wodini, mbele ya wote.

Isidhaniwe kwamba njia ilikuwa tambarare. Mwaka 1972 alijiona amepona, akaacha vidonge, akala ng'onda harusini Mikindani, na ndani ya juma moja akarudi kitandani amevimba. Mathayo alikwenda kumtazama na mkeka kwapani, akautandika tu karibu na kitanda. Jasinto hakuacha dawa tena.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Jumatano iliyopita Msumbiji imekuwa huru. Vita vimekwisha, mto uko wazi, na Ndugu Jasinto, ambaye tulimwandalia kiti cha mianzi akapunge upepo Ziwani, ametangaza kwamba anavuka. Ana dada yake huko, Joana, waliyeachana tangu ujana. Dada huyo ametuma salamu kwamba yu hai. Tulimwambia kule hospitali iko mbali. Tulimwambia kuna mchanga wa kutembea, kuna mtumbwi, kuna jua. Mathayo alitoka nje ya kantini akaenda kusimama peke yake gatini.

Jasinto akatujibu akiwa amekaa, kwa vipande, kama anavyosema siku hizi. "Mlinilia nikiwa hai... ili niende hospitali. Nilikwenda. Sasa niacheni niende... na kwa dada."

Daktari amekubali, kwa shingo upande. Atafuatana na Esperanca. Atachukua vidonge vya kumtosha mpaka mvua za kwanza, na kabla ya hapo awe amerudi kupimwa. Ameahidi. Ni mtu wa ahadi, lakini pumzi haijui ahadi, ndiyo maana naandika huku nikiinuka.

Ndugu Jasinto, Genge la Tatu linakushukuru kwa sauti uliyoitumia na kwa ile uliyoipoteza. Walio na vifua vizima shedini wanakushukuru, wengine bila kujua. Kantini inakushukuru kwa kula mboga isiyo na chumvi miaka mitano na kutukana kwa adabu. Mama Isabel, asante kwa kutuazima mumeo. Mathayo, Mungu akulipe, na akusamehe lile la kuwaliza watu bure.

Nawe nenda salama kwa dada yako. Tunakuombea miguu myepesi, usingizi wa kulala, na watu wa kukucheka. Mwenyezi Mungu aliyekuachia pumzi hiyo ndogo aibariki, aifikishe. Mtumbwi ukigusa ukingo wa pili usikimbie kupanda mchanga. Simama kwanza, pumua, ngoja moyo ukae mahali pake, ndipo umwite Joana. Amekungoja umri mzima. Kukungoja mpaka upate sauti hakutamshinda.